Mtani Akinyamaza

Tulimzika Maganga mwezi wa tatu mwaka huu, katika kijiji kilicho nyuma ya machimbo upande wa Bulyanhulu, mahali ambapo hata udongo wa kaburi umechanganyika na vumbi la mawe yaliyosagwa. Kifua ndicho kilichomwondoa. Kwa desturi yetu Wasukuma, mtu hazikwi mpaka watani wake wafanye kazi yao, na binamu ni mtani wa kuzaliwa. Wenye msiba wanapolia, yeye ana ruhusa ya kuvaa koti la marehemu, kutembea kama alivyotembea, kusema maneno yake, hata kukaa ukingoni mwa kaburi akidai apewe kitu kabla jeneza halijashushwa. Watu hucheka huku machozi yanawatoka, na katika kicheko kile humwona marehemu kwa mara ya mwisho, mzima, akiwa na kasoro zake zote. Kazi hiyo ilimwangukia Luhende, mtoto wa mjomba wake. Alivaa koti, akauburuta kidogo mguu wa kushoto, akaokota jiwe, akalilamba, akaliinua juani huku amefumba jicho moja, kisha akapaza sauti: "Kesho linatema, mama!"

Hakuna aliyecheka. Si kwamba watu walichukizwa. Walitazama tu, kwa adabu, kama wanavyotazama tangazo wanalolijua likipita. Mwanamke kijana aliyesimama mbele yangu alimnong'oneza mwenzake: "Si ndiye yule wa kwenye televisheni? Bado anaigiza ile ile?" Mwenzake akajibu, "Ndiyo huyo. Mbona hiyo ilishachosha zamani." Luhende alirudia mara ya pili, kwa sauti zaidi. Halafu akalivua lile koti, akalikunja vizuri na kumkabidhi mjane.

Kwa wasiojua, "Kesho Linatema" kilikuwa kichekesho cha televisheni kilichorushwa kila Jumapili kwa takriban miaka ishirini. Kilimhusu Mzee Kesho, mchimbaji mdogo wa dhahabu ambaye duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, lilikuwa likikaribia kutema, yaani kutoa dhahabu, kila siku na halikutema kamwe. Luhende ndiye aliyekuwa Mzee Kesho. Mwaka juzi kituo kiliacha kukirusha bila hata kuaga, na sijasikia mtu aliyelalamika. Nimewauliza wengi kwa nini kilichosha. Wapo wanaosema ni simu, kwamba siku hizi mtu anacheka vipande vya dakika moja kiganjani mwake. Wengine wanasema ni waigizaji kuzeeka, au fedha za wadhamini, au yule mama aliyeigiza mke wa Mzee Kesho kuolewa Dodoma. Yote hayo yalitokea. Lakini nimefanya kazi ya habari maisha yangu yote, na kazi hiyo imenifundisha kuuliza jambo lilianza siku gani. Hili nalijua siku yake. Lilianza mwaka wa kwanza wa kipindi chenyewe, wakati sisi wote tulipoamini ndio kwanza kinachanua, na mkono ulioliandika ni wangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Tuliishi nyumba ya Mama Mbuke, nyuma ya soko la Shinyanga: vyumba vinne vilivyozunguka ua wa udongo uliofagiliwa hadi ukang'aa. Chumba cha kwanza kilikuwa cha Mwalimu Shija, kiongozi wa kikundi, mtu aliyeacha ualimu kwa ajili ya maigizo na kuendelea kutuita "darasa." Humo ndimo mlimokuwa na mavazi, kofia za machimbo, sururu za mbao zilizopakwa rangi ya chuma, na harufu ya dawa ya nondo. Cha pili kilikuwa cha Luhende na wanaume wengine. Cha tatu kilikuwa cha mama mwenye nyumba. Cha nne nilikaa mimi na magunia ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo Mama Mbuke aliuza sokoni, kwa hiyo mwaka mzima nguo zangu zilinukia kiazi. Nilipewa nafasi kwenye kikundi kwa sababu moja tu: nilikuwa na mwandiko unaosomeka. Jumatatu tulikaa uani kutafuta kisa. Jumanne niliandika. Jumatano na Alhamisi tulirekodi kwa kamera ya kukodi, ya bwana mmoja aliyepiga picha za harusi na ambaye Ijumaa mchana lazima angeitaka. Ijumaa asubuhi kanda ilipanda basi kwenda Mwanza. Jumapili, saa kumi na moja jioni, televisheni ya Mama Mbuke ilivuliwa kitambaa chake cha kufuma, ikawekwa dirishani ikitazama uani, na majirani wakaja na vigoda vyao.

Chakula nakikumbuka kuliko mazungumzo mengi ya maana niliyoyasikia baadaye maishani. Asubuhi michembe iliyochemshwa na karanga za kusaga. Mchana ugali wa udaga, ule unga wa muhogo uliovundikwa, na mlenda, au nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa. Siku mtu alipopita kutoka Nkome, tulipata dagaa wa ziwani, nami ndiye niliyewachambua mchanga. Tulikula sinia moja, mikono sita au saba, na Mwalimu Shija hakuruhusu mtu anyamaze. "Darasa, kichekesho kinaanzia mdomoni penye chakula," alikuwa akisema. "Mtu akishiba husema uongo. Msikilizeni angali na njaa."

Mzee Kesho hakutungwa na yeyote kati yetu. Alikuwa Maganga mwenyewe. Wakati ule alikuwa na miaka thelathini hivi, na alichimba pamoja na wenzake wanne katika shimo moja huko Bulyanhulu. Mguu wake wa kushoto uliburuta kwa sababu ya jiwe lililomwangukia ujanani. Alilamba mawe ili yang'ae ayasome vizuri. Ile "Kesho linatema" ilikuwa yake, aliyomwambia kila mtu aliyemuuliza habari za kazi. Luhende alikua naye, alimjua mpaka anavyokohoa, na siku ya kwanza alipomwigiza uani, bila kamera, tulianguka chini. Mwalimu Shija aliuliza swali moja tu: "Mwenyewe hatakasirika?" Luhende akacheka. "Mwalimu, yule ni mtoto wa shangazi yangu. Akikasirika atanilipa faini ya ng'ombe."

Na kweli hakukasirika. Kila baada ya Jumapili moja alipanda lori kutoka machimboni, akafika kwetu mchana na vumbi hadi kwenye kope, akaoga, akakaa kwenye gunia mbele kabisa ya televisheni yake mwenyewe, kama alivyoiita, kwa maana ndani yake alikuwamo yeye. Kisha akaanza kujibu. Nakumbuka Jumapili ambayo Mzee Kesho aling'ata jiwe akavunjika jino. Ua mzima ulicheka. Maganga alingoja wamalize, ndipo akasema taratibu, bila kugeuka:

"Luhende, hilo jino umelipata wapi? Si lilikutoka ulipoiba muhogo wa bibi?"

"Lilinitoka nikikwepa harufu ya miguu yako!" Luhende akamjibu toka mlangoni.

"Miguu hii inashuka mita arobaini chini ya ardhi. Yako inashuka wapi? Kwenye sinia la Mama Mbuke."

Mama Mbuke alipiga kofi pajani. "Mwacheni mwanangu! Anakula kidogo tu, gunia moja kwa wiki!"

Kila mtu uani aligeuka kumtazama Maganga badala ya televisheni. Mimi nilikuwa na daftari magotini. Niliandika yote, na wiki iliyofuata mke wa Mzee Kesho alipomwambia mumewe kuwa hana faida, Mzee Kesho alimjibu kwa maneno yale yale ya mita arobaini. Hivyo ndivyo kipindi kilivyokwenda miezi ile ya mwanzo. Mzee Kesho alipigwa Jumapili hii, akajibu Jumapili ijayo, na jibu lilitoka kwa mtu wa kweli aliyepigwa kweli. Barua zilikuja kituoni kutoka Geita, kutoka Ushirombo, kutoka vijiji ambavyo sikujua kuwa vina televisheni. Watu walisema yule mzee yuko hai. Walidhani wanasifu uigizaji wa Luhende na mwandiko wangu. Kwetu utani ni njia ya kwenda na kurudi. Ukinitukana leo, kesho zamu ni yangu. Ukiniona nimevaa kiatu kilichotoboka, ujue nimeshakiona cha kwako. Hilo nililijua tangu utoto, kama ninavyojua kutembea. Sikuwahi kulifikiria, na jambo usilolifikiria huwezi kulilinda.

Katikati ya mwaka ule Maganga alikuja siku moja na Kabula. Alikuwa msichana wa Samuye, mrefu, mpole, aliyeleta maziwa mgando sokoni kwetu kila siku ya gulio. Alikaa nyuma ya Maganga, akacheka ameziba mdomo kwa kanga, na Maganga alipojibu televisheni alimfinya bega kumwambia nyamaza, lakini alikuwa anajivuna naye; yeyote mwenye macho aliliona. Mwezi uliofuata Maganga alituma washenga Samuye. Walirudi bila jibu la maana. Tulipomuuliza, alisema, "Mzee anahesabu nyota," tukacheka, tukaendelea kula.

Kisha akaja siku isiyo yake, Jumatatu, wenzangu wakiwa wamekwenda kutafuta mahali pa kurekodi. Nilikuwa jikoni, ungo wa dagaa magotini. Alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Mwangaluka, Milembe."

"Mwangaluka, kaka. Karibu. Luhende hayupo."

"Najua. Nilimwona akitoka, nikajificha kwa muuza mkaa." Alikaa kwenye kinu kilicholazwa. "Nina neno."

"Si ungemwambia Luhende?"

"Nikimwambia Luhende nitaanza na tusi, kwa kuwa ndivyo tunavyosemezana. Naye atajibu tusi. Tutacheka, na neno langu litakuwa limekufa hapo hapo. Wewe si mtani wangu. Nikikuambia neno, litabaki neno."

Ndipo akanieleza alichosema baba yake Kabula. Yule mzee aliwapokea washenga vizuri, akawapa maziwa, akawasikiliza hadi mwisho. Kisha akachora mstari mavumbini kwa fimbo yake na kusema: "Simkatai kwa umaskini. Umaskini hata mimi nimeulalia. Namkataa kwa kuwa anachekwa na watu asiowajua. Anayekucheka ukimjua, nawe utamcheka. Hawa atawacheka lini? Arudi siku watakapochoka." Maganga alinisimulia akitazama dagaa. Alikuwa amewaomba washenga warudi tena wiki hiyo, na alikuwa amepata wazo. "Mpeni yule mzee wenu apate, Jumapili hii hii. Jumapili moja tu. Duara liteme, anunue shati, amshike mke wake mkono, alale. Nitatuma salamu Samuye wazee waangalie siku hiyo. Waone hata huyo anayechekwa ana siku yake. Jumapili inayofuata mrudishieni umaskini wake wote, sitasema kitu."

"Mbona hukusema mapema kuwa jambo hili linakuumiza?"

Alicheka kidogo. "Nitasemaje? Mtani hakasiriki, dada. Mtani akikasirika, mchezo umevunjika, na aliyeuvunja ni yeye."

Nilimwambia nitaandika. Sikusema nitajaribu, wala nitamwomba Mwalimu. Nilisema nitaandika, naye akanishukuru kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mbegu.

Niliandika Jumanne hiyo, peke yangu kati ya magunia, na mpaka leo naamini ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizofanya mwaka ule. Duara linatema. Mzee Kesho anarudi nyumbani na nyama, mke anapika, wanakula, na hawana la kusema, kwa sababu maisha yao yote waliongea juu ya kesho. Mwalimu Shija alisoma akitafuna michembe. Alipomaliza alifunga daftari.

"Ni nzuri, Milembe. Lakini wacheke nini? Watu wanakaa pale kumngoja Mzee Kesho akose. Akipata mara moja, amekwisha, na sisi tumekwisha naye."

"Ni Jumapili moja tu, Mwalimu."

"Mtu haonji kupata Jumapili moja tu. Akishapata, akikosa tena itakuwa huzuni. Hatufanyi huzuni hapa."

Hapo ndipo nilipokosea. Nilitaka kumlainisha, na silaha pekee niliyokuwa nayo ilikuwa ukweli. Kwa hiyo nilimweleza sababu. Ningeweza kusema kwa sentensi mbili: Maganga anaoa, msaidie. Badala yake nilisimulia. Nilimweka yule mzee wa Samuye kwenye kigoda chake, nikampa fimbo, nikachora mstari sakafuni kwa kidole, nikasema maneno yake kwa sauti yake, nikatua pale alipotua. Nilikuwa nina kipaji hicho, nami nilikipenda. Mwalimu Shija aliacha kutafuna.

"Rudia hapo. 'Watu asiowajua.'"

Nikarudia.

"Hebu nipe hiyo kalamu."

Katika kisa kipya duara lilitema. Mzee Kesho alinunua suti, akatuma washenga na ng'ombe kuposa mke wa pili kijijini, mbele ya baba mkwe aliyechora mistari mavumbini kwa fimbo. Ng'ombe wakiwa tayari zizini, mnunuzi wa dhahabu alifika mbio kusema kuwa lile si dhahabu, ni jiwe linalong'aa tu. Ng'ombe wakatolewa mmoja mmoja, na Mzee Kesho akavuliwa suti mpaka kaptura. Na baba mkwe akasema, neno kwa neno, maneno ya baba yake Kabula. Nilipinga? Nilisema, "Mwalimu, huyo mzee yupo kweli." Akanijibu, "Ndiyo maana inachekesha." Kisha nilikaa chini, nikanakili yote upya kwa mwandiko wangu unaosomeka, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Jumatano, kabla ya kurekodi, Luhende alizisoma kurasa zile akiwa amevaa ile suti. Alirudi nyuma, akasoma tena.

"Binamu anajua hii?"

"Binamu yako ni mtani," Mwalimu Shija akasema. "Mtani hakasiriki. Wewe mwenyewe uliniambia."

Luhende akanigeukia mimi. "Milembe. Anajua?"

"Anajua kuna kitu kinakuja," nilisema.

Ilikuwa kweli. Katika miaka yangu ya habari nimekutana na waongo wengi, na wale hodari hawasemi uongo hata kidogo. Luhende alipumua, akafunga kifungo cha suti, akaenda mbele ya kamera. Ningeweza kumpelekea Maganga salamu kwa lori lolote, Jumatano hiyo au Alhamisi. Malori yalipita kila siku. Nilijiambia kwamba labda kingetoka vizuri.

Kilitoka vizuri mno. Jumapili ile Maganga alibaki machimboni akingoja jibu la Samuye, na ua wa Mama Mbuke ulijaa hadi barabarani, na kicheko cha namna ile sijakisikia tena. Ng'ombe wa tatu alipogoma kutoka zizini na Mzee Kesho akambembeleza abaki, Mama Mbuke alimwaga kibuyu kizima cha maziwa na hakujali. Watu walimbeba Luhende. Mwalimu Shija alinishika mabega akasema, "Milembe, utakula kwa kalamu hii maisha yako yote," naye hakukosea. Mpaka leo mtu akikumbuka "Kesho Linatema," anakumbuka ng'ombe yule.

Yaliyotokea Samuye saa hiyo hiyo nilielezwa Jumanne na mmoja wa washenga, mzee wa makamo aliyepita kwetu akidhani tunajua. Maganga alikuwa ametuma salamu kama alivyopanga. Baba yake Kabula, kwa heshima, alikubali kuwangoja washenga hadi Jumapili na kwenda nao dukani, penye televisheni iliyotumia betri ya gari. Alivaa kanzu yake ya kanisani. Walimwekea kiti mbele. Duara lilipotema aligeuka akawatazama washenga na kutikisa kichwa kwa kukubali, hata akasema, "Haya, kumbe." Kisha ikaja fimbo. Ukaja mstari mavumbini. "Nilimwona akiitazama fimbo yake mwenyewe," mshenga alisema. Watu wa dukani walicheka sana, maana baadhi yao hawakujua, na waliojua walishindwa kujizuia. Kabula aliondoka kabla ya mwisho. Baba yake alikaa mpaka kipindi kilipokwisha, akawasindikiza wageni hadi njiapanda kama ilivyo desturi, akawaambia: "Mwambieni sina hasira naye. Mwambieni tu asitume tena watu." Yule mshenga alikunywa maji yake, akaniuliza, "Mayu, mama, nani aliwapa ninyi maneno ya mzee? Kule ndani tulikuwa watu wanne."

Sikumjibu. Leo namjibu.

Kabula aliolewa Ushirombo mwaka uliofuata. Maganga alioa miaka mitano baadaye, upande wa Geita, mwanamke mwema aliyemzalia watoto watatu na ambaye ndiye aliyepokea lile koti lililokunjwa. Dunia haikumwishia yeyote. Lakini kipindi kiliendelea miaka yote ile bila mtu wa kumjibu Mzee Kesho, na niliona, hatua kwa hatua, kinavyokauka. Kwanza tulirudia majibu ya zamani ya Maganga. Yalipokwisha, tulibaki na jiwe la kulamba, mguu wa kuburuta, na ile "Kesho linatema" iliyokuja mara moja kwa kipindi, kisha mara tatu, kisha kila alipofungua mlango, na baadaye fundi akaongeza kicheko cha kwenye kanda ili watazamaji wajue ni wapi pa kucheka. Mimi niliondoka mwishoni mwa mwaka. Luhende alibaki, akawa maarufu, akanenepa, na nilipomwona kwenye televisheni miaka ya mwisho hakuwa akimwigiza Maganga tena. Alikuwa akimwigiza Luhende wa mwaka jana, aliyemwigiza Luhende wa mwaka juzi. Maganga halisi alizeeka, akaacha kuchimba, akafuga mbuzi, mguu ukapona kiasi kwa dawa za hospitali. Mzee Kesho hakuruhusiwa hata kimoja cha hivyo. Watu husema kichekesho huchosha kwa sababu kinarudia. Bibi yangu alirudia utani ule ule kwa babu miaka hamsini na haukuchosha, kwa maana babu alikuwepo, na kila mara alikuwa na jibu jingine.

Wiki mbili baada ya Jumapili ile, Maganga alikuja kama kawaida yake. Nilimwona akiingia getini. Aliomba maji, akaoga. Alikaa kwenye gunia lile lile, mbele. Hakunitazama kwa ubaya. Alinitazama kama mtu anavyomtazama karani wa ofisini. Ua ulikuwa umejaa, na watu walikuwa na hamu kubwa, maana kwa desturi aliyepigwa vile alikuwa na deni la jibu ambalo Shinyanga nzima ililingoja. Luhende alisimama mlangoni, ananyonga pindo la shati lake. Kipindi kilianza. Mzee Kesho alianguka katika pipa la maji. Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza kumpisha Maganga.

Maganga alicheka. Alicheka pale nilipoandika watu wacheke, si kabla wala si baadaye, kicheko cha kutosha, cha mtu aliyekuja kutazama televisheni kwa jirani. Alicheka hivyo mpaka mwisho. Mama Mbuke alimletea sahani, akamwambia, "Mwanangu, leo umemeza ulimi?" naye akasema, "Chakula ni kizuri, mama, asante." Alipomaliza alinawa, akampa mkono Mwalimu Shija, "Shikamoo, Mwalimu, hongereni kwa kazi." Akanipa mkono mimi. Kisha akafika mlangoni kwa Luhende.

Watani wa kwetu hawasalimiani kama watu wengine. Tangu nimjue, Maganga hakuwahi kumwita Luhende kwa jina bila kuweka kitu kibaya mbele yake. Luhende alikuwa ameshaanza kutabasamu, kidevu juu, anasubiri. Maganga alimshika mkono kwa mikono yote miwili, akainama kidogo.

"Habari za kazi, ndugu yangu? Nyumbani wote wazima?"

Maganga alichukua kofia yake, akatoka. Luhende alimfuata mpaka getini, mpaka barabarani, na sisi tuliobaki uani tulimsikia akimpigia kelele nyuma yake: we mguu wa kiti kibovu, we mwizi wa muhogo, we mlamba mawe, rudi hapa unijibu, shangazi alikuokota jalalani, unanisikia, nimekutukania mama, jibu! Sauti yake ilikuwa ikipanda na kukatika. Na kila aliponyamaza kuvuta pumzi, tulisikia ya mwenzake, ya chini, yenye adabu, ikizidi kwenda mbali kuelekea stendi ya malori.

"Asante, ndugu yangu. Asante. Ubaki salama."